Mbwa Safarini: Gari Lifaalo kwa Njia ya Juba na Nimule

Msafiri atokaye Juba kuelekea kusini huvuka Mto Nile mwanzoni kabisa mwa safari yake. Zamani alikuwa na daraja moja tu la chuma, lililojengwa katika miaka ya 1970. Tangu Mei 2022 lipo na la pili, Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Ng'ambo ya mto ni Gumbo, na baada ya Gumbo hufuata lami ya kilomita 192 mpaka Nimule, mpakani mwa Uganda. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, nayo ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami katika Sudan Kusini. Unga, sukari, saruji, sabuni, petroli na mikungu ya ndizi, sehemu kubwa ya vitu viliwavyo na vitumikavyo Juba, hupita juu yake.

Pamoja na mizigo hiyo hupita abiria mmoja asiyetajwa katika orodha yoyote, naye ni mbwa. Wapo mbwa wa kutafuta mabomu ya ardhini, wapo mbwa wa ulinzi, na wapo mbwa wa nyumbani wanaohama pamoja na jamaa zao: mfanyabiashara arejeaye Kampala, mtumishi amalizaye mkataba wake, askari aliyepata uhamisho na ambaye watoto wake wamekataa katakata kumwacha mbwa wao nyuma. Wote hao huingizwa katika magari yasiyotengenezwa kwa ajili yao. Mwenye mbwa anapotaka kununua au kukodi gari huuliza bei, huuliza unywaji wa mafuta, na huenda akaulizia vipuri. Kuhusu mbwa hudhani kwamba penye nafasi ya gunia patamtosha. Katika nchi ya baridi dhana hiyo ina unafuu. Juba, ambako joto la mchana katika miezi ya Februari na Machi hufika nyuzi 38 za sentigredi na pengine kuzidi, dhana hiyo huua.

Ili kulifahamu jambo hili vema, yafaa kuanza na mbwa wa kazi. Vita vya miaka 22, kuanzia 1983 hadi 2005, viliacha mabomu mengi yamefukiwa pande za Juba. Mji ulikuwa ngome ya jeshi la serikali ya Khartoum, na njia ziingiazo mjini zilitegwa. Baada ya mapatano ya amani ya Januari 2005, wasafishaji wa mabomu walitangulia na wajenzi wa barabara wakafuata. Miongoni mwa vifaa vyao walikuwamo mbwa, hasa wale wa Kijerumani na wale wa Kibelgiji waitwao Malinois. Mbwa hufundishwa kunusa harufu ya baruti iliyo chini ya udongo, na aipatapo huketi kitako. Hafukui, wala habweki. Kipande cha ardhi hupitiwa na mbwa wawili kwa zamu, kisha binadamu huweka mguu wake pale. Kwa hiyo uhai wa mtu yule umetundikwa juu ya pua ya mnyama.

Sasa, mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Ana vitezi vichache vya jasho katika nyayo zake tu, navyo havitoshi kumpoza. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta, yaani kuvuta na kutoa pumzi kwa haraka, kinywa kikiwa wazi na ulimi nje. Lakini kunusa nako kunataka pumzi, tena pumzi fupifupi zipitazo puani. Mbwa hawezi kufanya yote mawili kikamilifu kwa wakati mmoja, na mbwa anayetweta hanusi sawasawa. Akisafirishwa kwa saa mbili ndani ya gari la joto, akashushwa ukingoni mwa shamba lenye mabomu hali ulimi unaning'inia, basi ameletwa mnyama aliyeiacha pua yake njiani. Gari lake ni sehemu ya silaha yake, na hilo ni jambo ambalo askari yeyote aliyewahi kuletewa bunduki yenye mchanga ndani ya mtutu atalielewa mara moja.

Wasafishaji wa Afrika Kusini waliwahi kulikwepa tatizo hili kwa hila ya kupendeza. Katika kazi zao za Msumbiji, miaka ya 1990, walifyonza hewa ya barabarani kwa mashine iliyofungwa katika gari la deraya, wakainasa harufu ndani ya vichujio, kisha wakavipeleka vichujio hivyo kwa mbwa waliotulia mahali pa baridi. Hivyo mbwa hakusafiri hata kidogo, bali barabara ndiyo iliyosafiri kumfuata. Lakini hila hiyo yataka vyombo na fedha, na mwisho wake lazima awepo mbwa wa kwenda mwenyewe kuonyesha mahali hasa bomu lilipo.

Jamaa wa kawaida hawasafishi mabomu, lakini mwili wa mbwa wao ni ule ule. Joto la kawaida la mbwa ni baina ya nyuzi 38 na 39. Likipita nyuzi 41 huanza hatari kubwa, na viungo vya ndani huharibika upesi. Madaktari wa Marekani walipima mwaka 2005 joto la gari lililofungwa na kuachwa juani, wakakuta kwamba kwa muda wa saa moja hewa ya ndani iliongezeka kwa wastani wa nyuzi 22 za sentigredi, na kwamba sehemu nane katika kumi za ongezeko hilo zilikuja katika nusu saa ya kwanza. Kufungua kioo kidogo hakukusaidia kitu. Msomaji na achukue joto la Juba saa nane ya mchana, aliongeze hesabu hiyo, kisha amfikirie mtu aliyeegesha gari karibu na soko la Konyo Konyo na kusema, "Naingia kununua mkate tu." Foleni ya mkate inaweza kuwa ndefu kuliko uhai wa mbwa. Huo mkate na anunue mwingine, au mbwa ashuke pamoja na mwenyewe.

Basi ni gari gani lifaalo? Juba husifiwa sana Land Cruiser ile iitwayo hardtop, yenye viti virefu vilivyotazamana huko nyuma. Sifa hiyo si ya bure. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 inajulikana kwa mafundi wa kila pembe, na katika njia za udongo kama ile ya kwenda Yei, mvua zinaponyesha kati ya Aprili na Oktoba, hupita mahali ambapo magari mengine hugeuka kuwa nyumba za vyura. Milango yake ya nyuma ni miwili, na huwa wazi kiasi cha kupitisha kizimba kikubwa bila taabu. Hata hivyo ina makosa yake. Springi zake za nyuma ni za mabapa. Gari likiwa tupu hurusharusha, na mbwa aliyelala nyuma ya tairi la nyuma hupata kila pigo la shimo. Sakafu ni bati tupu, nalo hushika joto. Iko juu mno kutoka ardhini, hivi kwamba mbwa mzee au mzito anayeruka chini kila siku huumia mabega na nyonga. Tena katika magari mengi ya aina hiyo ubaridi wa kiyoyozi hutoka mbele, ukawaburudisha dereva na mkubwa wake, usifike nyuma ila kama habari tu. Mwenye kulichagua gari hili na amweke mbwa mbele ya ekseli ya nyuma, si nyuma yake. Atandike mpira mzito na juu yake mkeka, atengeneze ubao wa kupandia, na kabla ya kulipa fedha aketi yeye mwenyewe kule nyuma robo saa, milango imefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Akitoka shati limelowa, ajue gari halimfai mbwa.

Pikapu yenye vyumba viwili ni gari zuri kwa mwenye shamba, lakini bodi lake la nyuma si mahali pa mbwa. Jua humpiga kichwani, bati humuunguza nyayo, kokoto humrukia machoni, na gari likikwepa shimo hutupwa nje. Wapo wanaomfunga kwa kamba fupi ili asianguke. Mbwa aliyefungwa hivyo akiruka hunyongwa na kamba ile ile iliyotazamiwa kumwokoa. Ikiwa hapana budi kutumia bodi, kiwekwe kizimba kilichofungwa kwa boliti, chenye paa la mabati mawili yaliyoachana ili hewa ipite katikati, na matundu pande zote. Ni afadhali zaidi kumweka ndani, chini ya kiti cha nyuma, penye kivuli.

Probox inadharauliwa kwa kuwa ni gari la mizigo la watu wa mjini. Dharau hiyo haina haki. Sakafu yake ni ya chini, mbwa hupanda bila kusaidiwa. Viti vya nyuma vikilazwa hupatikana uwanja ulio sawa, na kwa kuwa hakuna ukuta kati ya mbele na nyuma, ubaridi wa kiyoyozi hufika kwa mbwa upesi. Kwa lami ya Nimule, kwa jamaa wenye mbwa mmoja na mizigo michache, ni vigumu kupata lililo bora kwa bei yake. Lakini na lisitolewe nje ya lami wakati wa masika.

Hapa liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni la hatari kuliko yote yaliyotangulia. Sudan Kusini huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Lakini magari mengi yaliyoko Juba yaliletwa kupitia nchi hizo, na usukani wake uko kulia kama yalivyotengenezwa kwa ajili ya Japani. Hiace, gari la abiria lipendwalo na kila mtu, ina mlango wa kusukuma ulio ubavuni kushoto. Kampala mlango ule hufungukia kando ya barabara, penye wapita njia. Juba mlango ule ule hufungukia katikati ya barabara, mbele ya malori na pikipiki. Binadamu hutazama kabla ya kushuka. Mbwa hatazami. Mlango ukifunguka kiasi cha shubiri mbili huwa amekwisha toka.

RAV4 za zamani, zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2013, zina hitilafu ya namna hiyo hiyo kwa upande wa nyuma. Mlango wake wa nyuma hauinuki juu, bali hufunguka kama mlango wa nyumba, na bawaba zake ziko kulia. Gari likiegeshwa ukingo wa kulia, kama iwapasavyo watu wa Juba, mlango huziba njia ya kuelekea kando na kumwelekeza mbwa barabarani. Dawa yake ni kumfunga mkanda wa kifuani kabla mlango haujafunguliwa, na ncha ya kamba iwe mkononi mwa mtu mzima, si mtoto. Yafaa zaidi kuchagua gari ambalo mlango wake wa nyuma huinuka juu, au lenye milango pande zote mbili.

Usukani wa kulia katika nchi ya kulia una tabu nyingine. Dereva amekaa ukingoni, haoni mbele anapotaka kulipita lori. Aonaye ni abiria wa kushoto, naye ndiye humwambia "pita" au "ngoja". Kiti hicho, kwa hiyo, ni cha mtu mwenye macho mazuri na akili timamu. Kumweka mbwa hapo kwa sababu anapenda kutazama nje ni kumnyima dereva jicho lake.

Tena mbwa asiyefungwa ni hatari kwa walio mbele yake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mbwa wa kilo 25 huruka mbele kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 300. Kiti cha mtoto hakiwezi kuzuia mzigo huo. Kizimba kifungwe kwenye sakafu, au mkanda wa kifua uunganishwe na mkanda wa gari. Usifungwe shingoni, kwa maana shingo ya mbwa haistahimili mshtuko huo.

Kuhusu rangi, pengine msomaji atacheka kwamba rangi ya gari nayo ni habari ya mbwa, lakini ni kweli. Watafiti wa California walilinganisha gari jeusi na gari la rangi ya fedha yaliyoegeshwa juani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 hewa ndani ya lile jeusi ilizidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Sababu ya pili ni ya kienyeji zaidi. Ukanda wa mto pande za Nimule unajulikana tangu zamani kwa malale na mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kiendacho, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana kaskazini-magharibi ya Uganda vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa husimamishwa kando ya mito ili kuwaua. Mbwa naye hupata ugonjwa utokanao na vijidudu wa mbung'o, akakonda, macho yake yakaingia ukungu, akafa. Gari jeupe lenye vioo vizima na kiyoyozi kifanyacho kazi humkinga dhidi ya jua na dhidi ya mbung'o kwa pamoja. Wakubwa wa Juba hupenda magari meusi. Hao wana madereva wa kuwapungia nzi.

Safari yenyewe na ianze alfajiri, mara mchana unapokuwa salama kwa barabara. Usiku haufai. Magari yameshambuliwa katika njia hii miaka iliyopita, na mwaka 2021 watawa wawili wa kike waliuawa humo, kwa hiyo hali ya njia iulizwe kwa wenye mamlaka kabla ya kutoka. Mbwa alishwe usiku wa kuamkia safari, asubuhi apewe maji tu. Dumu la maji la lita 10 liwekwe mahali linapofikika bila kupakua mizigo, pamoja na karai pana na taulo. Mbwa akianza kutweta kwa nguvu, ute ukawa mzito na miguu ikamlegea, gari lisimamishwe, amwagiwe maji mwili mzima, naye apepewe. Maji yakimwagwa bila upepo hayafanyi kazi nusu yake.

Palipo na Nesitu, Moli au Pageri watu husimama kupumzika. Hapo kishawishi kikubwa ni kumfungulia mbwa akimbie porini. Asifunguliwe. Kazi ya kusafisha mabomu ilifuata barabara na vijiji, lakini haikupitia kila kichaka, na mbwa wa nyumbani hajafundishwa kuketi anusapo baruti. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, au kibao chenye fuvu la kichwa, maana yake ni moja kwa lugha zote. Mbwa atembezwe kwa kamba, juu ya lami au mahali palipokanyagwa sana na watu. Mtoni Nile nako asipelekwe kunywa. Mamba hawabagui mbwa wa mkubwa na mbwa wa mdogo.

Hati ziwe tayari. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, chenye tarehe na sahihi ya mganga wa mifugo, ndicho huulizwa kwanza, na nchi nyingi hutaka chanjo ya mara ya kwanza iwe imepita siku 21 kabla ya kuvuka. Anayekumbuka chanjo siku ya kufunga mizigo huwa amechelewa majuma matatu. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, lakini mbwa bado ana karatasi zake.

Kwenye mpaka, Nimule upande huu na Elegu upande wa pili, vitu viwili hugeuka kwa mara moja. Saa hubadilika, kwa kuwa Sudan Kusini ilirudisha nyuma saa zake mwezi Februari 2021: iwapo ni saa sita mchana Nimule, Elegu ni saa saba, na jua kali la mchana limekwisha fika kwa hesabu yoyote. Kisha magari huhama kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo dereva aliyekuwa kipofu huona tena, na ule mlango wa Hiace uliofungukia malori huko Juba sasa hufungukia majani ya kando ya njia. Gulu iko mbele kwa mwendo wa takriban kilomita 100. Kabla ya kuondoka Elegu ni vema kumshusha mbwa kwa mlango huo, kamba mkononi, kumpa maji kivulini, na kungoja mpaka ulimi wake urudi kinywani.